Watoto wa Bunagana wafundishwe kugawanya, si kukariri

Tangu Bunagana iingie mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, watoto wengi wa mpakani wamekosa masomo. Wengine walivuka Uganda, wengine wakafika Goma. Mtoto anaporudi darasani anaulizwa kama 1764 ni mraba kamili, yaani namba iliyozaliwa na namba nyingine ikijizidisha yenyewe. Mwalimu anampa orodha ndefu akariri. Huko ni kumuonea. Orodha inapotea njiani pamoja na daftari.

Agawanye tu, mpaka zibaki namba zisizogawanyika tena. 1764 kwa 2, mara mbili, inabaki 441. Hiyo kwa 3, mara mbili, inabaki 49, ambayo ni 7 mara 7. Kila namba ina mwenzake, basi ni mraba kamili. Achukue moja toka kila jozi: 2 × 3 × 7 ni 42, na 42 × 42 ni 1764.

1800 je? Sifuri mbili za mwisho zinadanganya wengi, sababu wamezoea 400 na 900. Ikigawanywa inatoa 2, 2, 2, 3, 3, 5, 5. Kuna 2 moja haina mwenzake. Si mraba. Ipewe 2 nyingine, inakuwa 3600, ndiyo 60 × 60.

Kazi hii haidai kitabu, wala Kifaransa. Mama anaweza kupanga maharagi 36 chini, safu sita za sita, kisha amwambie mtoto ajaribu na 18.