Kabla Hujamimina Peleti, Uliza ni Mti Gani

Tangu tulipozungumzia nyama choma kwenye podikasti, ujumbe unaotufikia zaidi ni huu: je, nyama iliyochomwa kwenye jiko la peleti bado ni nyama choma? Wengine mmeuliza kwa upole. Wengine, hasa wenye wajomba wakali, mmeuliza kana kwamba tumeuza shamba la babu.

Jibu langu ni ndiyo, inaweza kuwa. Ila naona tunabishana kuhusu jiko wakati swali lenyewe limo ndani ya mfuko. Nyama haijali kama moto uliwashwa kwa kiberiti au kwa umeme. Inajali mti unaoungua chini yake. Na hapo ndipo sisi tuliozaliwa huku tunapopwaya: tunajua bei ya jiko, tunajua programu yake ya simu, lakini ukituuliza tunachoma mti gani, tunatazamana.

Kwa asiyelijua jiko hili, halina miujiza. Lilianzia Oregon, Marekani, miaka ya 1980, kwa mtu aitwaye Joe Traeger. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa nguvu na joto mpaka likawa vijiti vifupi, vyembamba kama kalamu. Gundi yake ni lignini, ambayo imo ndani ya mti wenyewe. Ukiziweka kwenye sanduku la jiko, parafujo ndefu inazisukuma kidogo kidogo hadi mahali pa moto, kijiti cha umeme kinaziwasha, feni inapuliza. Wewe unachagua nyuzi 110 au 220, basi. Hakuna kupepea, hakuna machozi.

Kwa London hilo lina maana. Baada ya ule ukungu wa moshi wa Desemba 1952 ulioua maelfu ya watu, Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956, na leo sehemu kubwa ya jiji iko chini ya udhibiti wa moshi. Sheria haikukatazi kuchoma nyama bustanini kwako. Lakini moshi ukimkera jirani kila Jumamosi, anaweza kuwaita watu wa council, na watakuja. Jiko la peleti likishawaka vizuri hutoa moshi mwembamba kuliko mkaa unaoanza kushika. Hata hivyo ni moto wa kuni, jamani. Usiliwashe kwenye roshani ya ghorofa, wala usiliingize ndani mvua ikianza. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Sasa turudi kwa wajomba. Hoja yao ni moja: "Nyumbani tunachoma kwa mkaa." Sawa, mjomba, shikamoo, lakini mkaa gani? Maana mzee anayejua kazi hasemi tu mkaa. Atakwambia mkaa wa mgunga ni mzito na unakaa motoni muda mrefu, ule wa mti laini unakwisha kabla mbavu hazijaiva. Anapima uzito wa kipande mkononi, anakigonga asikie mlio wake. Huo ndio ujuzi tuliopaswa kurithi. Badala yake tumerithi neno "mkaa" peke yake, halafu tunalitumia kuwapima wenzetu nani halisi na nani si halisi.

Tena hiyo "nyumbani" haijasimama ikitusubiri. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na biashara ya mkaa ikatikisika. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Watu wa kule wenyewe wanajadili wapikie nini. Itakuwa ajabu sisi wa Tottenham na Barking tuwe walinzi wa mkaa kuliko wao.

Kwa hiyo, ukiwa dukani mbele ya ile mifuko ya rangi rangi, angalia haya.

Kwanza, peleti za kupasha nyumba joto si za chakula. Zinauzwa nyingi hapa Uingereza na bei yake inavutia, najua. Lakini nyingi ni za misonobari na jamaa zake, miti yenye utomvu mwingi. Utomvu ukiungua hutoa moshi mchungu na masizi, na nyama inafyonza vyote. Tafuta mfuko ulioandikwa wazi kwamba ni wa kupikia.

Pili, soma asilimia. Mfuko unaweza kubeba picha kubwa ya tufaha, kumbe ndani mbao za mtufaha ni kidogo tu na zilizobaki ni mwaloni au mti mwingine wa bei nafuu. Si dhambi, mchanganyiko mzuri upo. Tatizo ni kutojua. "Mbao ngumu asilimia 100" si jibu. Ni sawa na muuza samaki kukwambia "huyu ni samaki asilimia 100". Wapo wanaoongeza mafuta au ladha. Wapo pia wanaotengeneza peleti kwa mapipa yaliyokaa whisky. Kwa nyumba nyingi za Waswahili hilo si jambo dogo. Sitoi fatwa hapa, ila mgeni wako ana haki ya kuambiwa kabla hajala, si baada.

Tatu, linganisha mti na nyama. Mwaloni ni wa katikati, hauchoshi, unafaa ng'ombe na mbuzi. Mtufaha na mcheri ni laini, wape kuku na samaki. Hikori ni mkali. Mimi mguu wa mbuzi naupa mwaloni uliochanganywa na mcheri: saa mbili za mwanzo kwenye nyuzi 110, maana nyama hushika moshi zaidi ikiwa bado baridi na mbichi, kisha napandisha hadi 220 ngozi ipate rangi. Chumvi, kachumbari, ugali. Hakuna aliyeuliza umeme ulitoka wapi.

Halafu kuna mfuko ulioandikwa "mesquite". (Si msikiti, acheni utani.) Wamarekani wa Texas wanausifu sana kwa moshi wake mkali. Sasa sikia: mesquite ni ndugu wa ukoo mmoja na mathenge, ule mti uliopandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukageuka mvamizi ukala malisho. Maganda yake yana sukari na yanaharibu meno ya mbuzi. Jamii ya Ilchamus ilipoishtaki serikali, ilimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kama ushahidi. Leo watu wa huko wanachoma mkaa wa mathenge. Yaani kile unachokinunua London kama ladha ya Texas, binamu yake ni kesi ya mahakamani Kenya. Ungejuaje hayo kama hukuuliza jina la mti?

Nikubali jambo moja kwa wajomba: mishkaki bado inataka makaa. Vipande vidogo vinahitaji moto mkali wa karibu, mafuta yadondoke, yalipuke, yarudi kama harufu. Jiko la peleti ni tanuri lenye moshi, hilo haliwezi vizuri. Mguu, bega, mbavu, kuku mzima, hapo ndipo mahali pake.

Na mfuko ukishafunguliwa, uhifadhi pakavu, kwenye ndoo yenye kifuniko. Peleti nzuri ukiivunja inalia "ta!" na ina mng'ao. Ikishika unyevu wa hapa kwetu inavimba, inarudi kuwa vumbi, na vumbi hilo linakwamisha parafujo nyama ikiwa katikati.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Tunda ni embe, mti ni mwembe. Tunda ni tufaha, mti ni mtufaha. Lugha inakulazimisha kutofautisha unachokula na unachochoma. Wengi wetu tulikazana kwenye ngeli ya M-/Mi- kama somo la Jumamosi, tukapata "mti, miti" tukaishia hapo. Mgunga, mkoko, mkaratusi, mwarobaini, hayo hatukufundishwa, na wanaoyajua wanazeeka.

Kwa hiyo wikendi hii geuza mfuko usome nyuma. Hauna jina la mti? Urudishe rafuni. Kisha mpigie mjomba simu, umwache alalamike kuhusu umeme, na akimaliza muulize kwao walichomea mti gani. Andika jina. Tutumie, tutayasoma kwenye kipindi kijacho.