Tununue Waya, Lakini Tusisahau Kifaa cha Kuukaza

Tunapozungumzia sayansi na maendeleo ya kilimo, mawazo yetu hukimbilia upesi kwenye matrekta, mbegu bora, mbolea na dawa za mifugo. Ni nadra kumsikia mtu akitaja uzio, na ni nadra zaidi kumsikia akitaja kifaa kinachokaza waya wa uzio huo. Hata hivyo, mkulima ambaye bustani yake imeliwa na mbuzi usiku mmoja kabla ya mavuno anafahamu vyema kwamba jasho la msimu mzima laweza kupotea kwa sababu ya waya mmoja uliolegea. Na aghalabu hasara hiyo haiishii shambani. Hufika kwa mwenyekiti wa kijiji, ikazungumzwa barazani, na majirani waliokuwa wakisaidiana kuvuna wakaanza kununiana.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Tumezoea kuhesabu uzio kwa idadi ya roli za waya na idadi ya nguzo, ilhali nguvu ya uzio imo zaidi katika mkazo wa waya huo. Yeyote anayenunua waya bila kununua kifaa cha kuukazia, na bila kumfundisha mkulima namna ya kukitumia, amenunua nusu ya uzio tu, ingawa amelipa bei ya uzio mzima.

Nguvu isiyoonekana

Mnamo Novemba 24, 1874, mkulima wa DeKalb katika jimbo la Illinois, Marekani, aitwaye Joseph Glidden, alipewa hataza ya aina ya seng'enge ambayo ndiyo iliyoenea baadaye duniani. Katika ugunduzi wake, miiba ilishikwa mahali pake kwa kusokota nyaya mbili pamoja. Wengi huvutiwa na miiba na kuusahau msokoto. Lakini msokoto nao una faida yake: waya uliosokotwa huweza kunyooka kidogo na kurudi, mfano wa kamani, kila joto linapobadilika au mnyama anapousukuma.

Waya uliokazwa sawasawa humsukuma mnyama arudi nyuma, kwa kuwa nguvu anayoitoa hugawanywa katika urefu mkubwa wa waya na katika nguzo nyingi. Waya uliolegea hauna uwezo huo. Mbuzi huingiza kichwa kwanza, kisha bega, na nyaya mbili zikishaachana kiasi hicho, mwili wote hufuata. Baada ya siku chache mnyama huyo amekwisha kujifunza njia, na wenzake humfuata. Hapo hata kuongeza waya wa sita hakusaidii, madhali na huo nao utafungwa ukiwa umelegea.

Tutazame na suala la joto. Chuma hurefuka kwa kiasi cha sehemu 12 katika kila sehemu milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kwa hiyo waya wenye urefu wa mita 100 hurefuka kwa milimita 24 hivi iwapo joto la waya huo litapanda kwa nyuzi 20 kati ya alfajiri na adhuhuri, jambo ambalo ni la kawaida katika nyanda zetu kame. Kwa waya laini usiosokotwa wenye unene wa milimita 2.5, uliofungwa kwenye nguzo imara zisizosogea, badiliko hilo hupunguza mkazo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 24 hivi. Sasa msomaji apime mwenyewe. Mtu aliyevuta waya kwa mikono alfajiri na kufikia mkazo wa kilo 30 atakuta adhuhuri umebaki mkazo wa kilo 6 tu. Aliyetumia kifaa na kufikia kilo 120 atabakiwa na kilo 96. Jua ni lile lile na waya ni ule ule, lakini mmoja ana uzio na mwingine ana kamba ya kuanikia nguo.

Mkazo huo, hata hivyo, una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na nguzo ya kona. Nyaya 5 zenye mkazo wa kilo 120 kila mmoja huivuta nguzo hiyo kwa nguvu ya kilo 600, yaani zaidi ya nusu tani, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Nguzo iliyofukiwa kina cha goti haiwezi kustahimili. Hapana budi ichimbiwe kwa kina kisichopungua sentimita 90, udongo wake ushindiliwe, na ipewe msaada wa nguzo ya pili. Kati ya nguzo hizo mbili hulazwa boriti kwa juu, kisha hufungwa waya wa mshazari kutoka kichwa cha nguzo ya pili hadi shina la nguzo ya kona, nao husokotwa kwa kijiti mpaka ukaze. Kijiti hicho na waya uliokunjwa mara mbili ndicho kifaa rahisi kupita vyote cha kukazia, na kila mkulima anaweza kukitengeneza bila kutumia hata senti moja.

Zana na kanuni zake

Vifaa vya kukazia waya ni vya namna nyingi, lakini vyote vimejengwa juu ya kanuni chache ambazo wahenga wetu walizitumia kabla hazijaandikwa vitabuni. Ya kwanza ni kanuni ya wenzo. Mpini wenye urefu wa sentimita 60 ukizunguka kwenye egemeo lililo sentimita 3 kutoka mahali unapovutwa waya, nguvu ya mkono huongezeka mara 20, ukiacha ile inayopotea kwa msuguano. Ya pili ni kanuni ya kapi. Baharia wa jahazi katika pwani yetu hupandisha foromali nzito pamoja na tanga lake kwa henza inayopita katika makapi. Henza ile ile, ikifungwa kwenye nguzo badala ya mlingoti, huvuta waya wa uzio bila taabu. Ya tatu ni kanuni ya gurudumu lenye meno na ulimi wa chuma. Kila waya unapovutwa, ulimi huangukia jino linalofuata na kulizuia gurudumu lisirudi nyuma, hata mfanyakazi akapata nafasi ya kupumzika bila kupoteza alichokivuna.

Kifaa kilichopendwa sana na wajenzi wa nyua huko New Zealand huunganisha kanuni hizo. Kina taya mbili zinazoubana waya, na kadiri waya unavyovutwa ndivyo taya zinavyozidi kubana. Kati ya taya hizo mna mnyororo, na mpini wa wenzo hupanda juu ya mnyororo huo pingili moja baada ya nyingine. Fundi Ernest Hayes alikibuni kifaa chake cha namna hiyo katika miaka ya 1920, katika karakana yake ya Oturehua, kijiji kidogo kilicho mbali na miji mikubwa. Mitambo ya karakana hiyo iliwahi kuendeshwa kwa kinu cha upepo, na mkewe, Hannah, alisafiri kwa baiskeli kutoka shamba hadi shamba akitafuta wateja wa zana za mumewe. Naitaja habari hii kwa sababu moja. Kifaa hiki hakikuzaliwa katika kiwanda kikubwa cha mjini. Kilizaliwa kijijini, mikononi mwa fundi aliyeishi miongoni mwa wafugaji na kuiona shida yao kila siku. Mafundi wa namna hiyo tunao.

Trekta si kifaa cha kukazia

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kutazama ujenzi wa uzio katika shamba moja ambalo sitalitaja. Waya ulikuwa mpya, nguzo zilikuwa zimetiwa dawa ya mchwa, na kazi ilikwenda kwa ari. Kifaa cha kukazia hakikuwapo. Ilipofika zamu ya kuvuta waya wa juu, waliufunga nyuma ya trekta. Dereva aliyekaa kitini hana namna ya kuhisi mkazo, kwani injini yenye nguvu ya farasi makumi haitofautishi kati ya kilo 100 na kilo 500. Waya ulikatika penye kiungo na kurudi nyuma kama uzi wa upinde. Kijana aliyekuwa ameshika koleo kwenye nguzo ya kona alipoteza jicho.

Nilipouliza kwa nini hawakununua kifaa, niliambiwa kwamba hakikuwamo katika orodha ya manunuzi. Jibu hilo halijanitoka akilini. Orodha ilikuwa na roli za waya, misumari, nguzo na saruji. Ilikosa kitu kimoja, ambacho bei yake ni sehemu ndogo mno ya gharama ya waya, na kwa kukosekana kwake kijana mmoja anaona ulimwengu kwa jicho moja.

Waya unaokazwa una nguvu iliyohifadhiwa ndani yake, na kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo nguvu hiyo inavyozidi. Kwa hiyo mtu asisimame kamwe kwenye mstari wa waya unaovutwa. Asimame upande wa pili wa nguzo, avae glavu nene na miwani, na asiikaze seng'enge iliyozeeka au iliyoshikwa na kutu.

Kipimo cha mkulima

Wako watakaosema kwamba mkulima wa kawaida hawezi kupima mkazo. Naam, anaweza. Achukue ubao ulionyooka na kupigilia misumari miwili iliyoachana kwa mita 1 kamili. Katikati ya misumari hiyo aweke alama sentimita 1 chini ya mstari unaoiunganisha. Ubao uwekwe ili waya ukae juu ya misumari yote miwili, kisha mizani ya kamani ining'inizwe katikati na kuvutwa chini mpaka waya ufike kwenye alama. Kilo zinazosomwa kwenye mizani zizidishwe kwa 25. Mizani ikionyesha kilo 5, mkazo ni kilo 125.

Waya mgumu wa chuma wenye unene wa milimita 2.5 hufaa kukazwa kati ya kilo 100 na 150, wakati uwezo wake wa kustahimili kabla ya kukatika unapita kilo 500. Waya laini wa kawaida usikazwe kiasi hicho, kwa maana hurefuka na hauwezi kurudi tena katika urefu wake. Mwalimu wa fizikia anayewafundisha wanafunzi wake kipimo hiki nje ya darasa, penye uzio wa shule, atakuwa amewafunza kanuni ya nguvu kwa namna ambayo hawataisahau.

Lipi lifanyike?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wengine watasema kwamba uzio wa minyaa au michongoma ni nafuu kuliko waya. Nakubali, na penye nafasi na muda wa kuusubiri ukue, huo ndio wa kuchagua. Tena viwili hivyo vyaweza kuungana. Katika nyika ya Simanjiro, wafugaji wamejenga mazizi yanayotumia wavu wa chuma pamoja na miti hai iliyopandwa kama nguzo, ili kuwakinga ng'ombe dhidi ya simba. Lakini hata wavu huo lazima uvutwe ukaze. Wengine watasema kwamba kifaa hiki ni mzigo kwa mwenye ekari mbili. Hilo nalo ni kweli, ndiyo maana sisemi kila mkulima awe nacho. Uzio haujengwi kila siku. Kifaa kimoja kinachotunzwa na chama cha ushirika au ofisi ya kijiji, na kuazimwa kwa zamu, chatosha kwa watu wengi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mradi unaogawa au kukopesha waya utoe pamoja nao kifaa cha kukazia na siku moja ya mafunzo shambani. Pili, taasisi tulizoziunda wenyewe kwa kazi kama hii, yaani SIDO iliyoanzishwa mwaka 1973 na CAMARTEC ya Arusha iliyoanzishwa mwaka 1981, zichore ramani rahisi ya kifaa chenye gurudumu la meno, ambacho fundi wa kuchomea vyuma aweza kukitengeneza kwa vipande vya bomba na chuma bapa, na kuzisambaza ramani hizo hadi wilayani. Tatu, mabwana shamba waache kukagua uzio kwa macho tu. Waende na ubao na mizani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika uzio, ufa huanza siku ile ile waya unapofungwa ukiwa umelegea. Anayeandika orodha ya manunuzi ya uzio leo bado ana nafasi ya kuuziba, kwa kuongeza mstari mmoja tu chini ya roli za waya.