Bibi alipoyakataa maneno ya mjukuu

Mwaka 1944, kwenye mashindano ya farasi mjini Bangor, Maine, nchini Marekani, mwanamke mmoja aliweka dau kwa farasi ambaye baba yake hakumthamini. Farasi akashinda. Miaka mingi baadaye alimsimulia mkasa huo mjukuu wake, mtafiti Katherine Borland, naye akaona humo mwanamke anayepigania uhuru wake mbele ya wanaume.

Bibi aliposoma tafsiri hiyo alikuja juu. Hakusema hivyo, na hadithi haikuwa yake tena! Borland angeweza kuufunika ugomvi huo. Badala yake aliuanika katika makala yake ya 1991, pamoja na hoja za bibi mwenyewe, na ndiyo maana makala hiyo bado inasomwa.

Kwenye soka la wanawake, kazi ya kukusanya masimulizi kama hayo huanzia mbali zaidi, kwa kuwatafuta wahusika wenyewe. Gail Newsham wa Preston, Uingereza, naye mchezaji, aliwasaka wachezaji wa zamani wa Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake iliyovuta watazamaji wapatao 53,000 kwenye uwanja wa Goodison Park Desemba 26, 1920. Mwaka uliofuata chama cha soka cha England, FA, kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu wanachama wake, kwa takriban miaka 50.

Mtafiti anayewapenda wachezaji hufunguliwa milango, lakini huyohuyo ndiye mwepesi wa kumvisha kila mzee joho la mwanaharakati. Mchezaji akisema alicheza kwa raha tu, jibu hilo lichapishwe kama lilivyo, kando ya tafsiri ya mtafiti.