Kimbimbi: Usikipuuze wala usikisingizie pepo

Kama umewahi kuabiri matatu ya kwenda Embu na Meru, bila shaka unakijua kituo cha Makutano, pale ambapo barabara ya Embu hujitenga na ile ya Sagana na Nyeri. Gari likishaondoka hapo huingia mashamba ya mpunga ya Mwea, likapita Ngurubani, na muda si muda likafika mji mdogo uitwao Kimbimbi. Mwishoni mwa safari, mjini Meru, utakuta kiunga kingine kiitwacho Makutano.

Katika Kiswahili, kimbimbi ni ile hali ya ngozi kufanya vipele vidogo vidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na vinyweleo, ambavyo wengine huviita malaika, kusimama wima. Sisemi kwamba mji huo uliitwa hivyo kwa sababu hii. Nasema tu kwamba safari ya kutoka Makutano hadi Makutano inatosha kutufunza mengi juu ya jambo hili.

Kwanza tujue kimbimbi hutokeaje. Chini ya kila unyweleo kuna msuli mdogo sana. Msuli huo hautii amri yako kama mkono au mguu unavyotii. Huamrishwa na mishipa ya fahamu inayofanya kazi yenyewe, ile ile inayoharakisha mapigo ya moyo unaposhtuka. Msuli ukijikunja, unyweleo husimama na ngozi huinuka. Paka akimwona mbwa hutuna akaonekana mkubwa, na kuku akihisi baridi hufura manyoya ili joto lisimtoke. Mwingereza Charles Darwin aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Sisi tumebaki na vinyweleo haba visivyoweza kututia joto wala kumtisha adui, lakini misuli yake ingali kazini.

Ndiyo maana hutokea mara nyingi bila madhara yoyote. Maji baridi ya asubuhi mwezi Julai. Chaki inapokwaruza ubao. Kwaya inapopandisha sauti kanisani ukahisi kitu kikikutambaa mgongoni. Mwaka 2001, watafiti Anne Blood na Robert Zatorre wa mjini Montreal, Kanada, walionyesha kwamba mtu anaposisimkwa na muziki aupendao, ubongo huchangamka katika sehemu zile zile zinazohusika na raha ya chakula. Na ni wangapi kati yetu ambao mwili haukuwasisimka tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza mbio za marathon kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40?

Kuna na kimbimbi cha hofu. Wasafiri wa barabara ya Meru wanaijua miteremko ya daraja la Nithi, ambako mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na kuua zaidi ya watu 30. Gari likikaribia hapo mazungumzo hukatika, na mikono hushika viti. Hapo mwili unafanya kazi yake tu: umehisi hatari na umejitayarisha.

Maoni yangu ni kwamba kosa letu si kusisimka bali ni kutafsiri vibaya. Niruhusu nikueleze kisa ambacho mimi mwenyewe nilihusika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini katika barabara hiyo. Pale Ngurubani akapanda mama mmoja na mtoto wa miaka kama minne. Kabla hatujafika mbali, mtoto alianza kutetemeka na mikono yake ikajaa kimbimbi. Mzee mmoja akasema, "Mama, mfunike mtoto huyo, hewa ya mlima ni kali." Mwanamke aliyeketi nyuma akanong'ona kwamba huenda ni jicho baya, au mtoto amepitiwa na kitu. Nami nikavua koti langu na kumpa mama, nikijiona nimetenda wema. Ni hapo nilipomgusa mtoto, na paji la uso lilikuwa moto kama jiko!

Tulishuka pamoja Embu tukamkimbiza hospitalini. Alipopimwa damu, ilikuwa malaria. Alikuwa amekaa kwa nyanya yake huko Mwea wiki tatu. Mtoto alipona, lakini daktari alimwambia mama wazi kwamba angechelewa siku moja zaidi, mambo yangekuwa mengine.

Je, inakuwaje mtu mwenye joto jingi ahisi baridi? Vijidudu vya malaria vinapopasua chembe nyekundu za damu, ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka. Mwili, ambao bado haujafikia kiwango hicho kipya, hujiona una baridi. Mishipa ya damu ya ngozini hubana, vinyweleo husimama, meno hugongana, na joto hupanda. Kumrundikia mgonjwa mablanketi hakuondoi ugonjwa. Kunauficha tu, na kumzidishia joto.

Kwa hivyo, msomaji, ukisisimka au ukimwona mwenzako amesisimka, jiulize maswali matatu. La kwanza: kuna sababu inayoonekana, kama baridi, wimbo au kitisho? La pili: kimepita baada ya muda mfupi, au kinarudi rudi? La tatu: mwili una joto, kichwa kinauma, viungo vinauma au kuna kutapika? Kimbimbi chenye sababu na kinachopita, shukuru Mungu uendelee na shughuli zako. Kimbimbi cha kutetemeka na homa, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, maana si kila homa ni malaria na nyingine huhitaji tiba tofauti kabisa.

Hili lawahusu hasa ninyi mnaoishi mijini na sehemu za baridi kama Nairobi. Hamna kinga ya kutosha, na malaria kali kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu, wakati mmesharudi nyumbani na safari imesahaulika. Mwambie daktari ulikotembea. Na mtoto akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ameshikwa na degedege, usingoje kupambazuke.

Sina ugomvi na mtu anayeomba dua mtoto wake akiugua. Aombe, lakini aombe akiwa njiani kwenda hospitali. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwili nao una mawingu yake, na mara nyingine huanzia kwenye unyweleo mmoja mdogo uliosimama bila sababu.