Maoni: Kobaye dume mgeni asitupwe katika kibanda cha mwenzake

Leo siongelei vita wala bei ya unga. Naongelea kobaye, mnyama ambaye wengine wanamwita simbilisi.

Majuzi, huku Ruashi, mama mmoja aliyekimbia Bukavu baada ya M23 kuingia mjini Februari 2025 alinionyesha kibanda chake. Alikuwa na majike wanne na dume mmoja. Jirani akamzawadia dume wa pili, na jioni ileile mama akamtia ndani pamoja na wengine. Asubuhi alimkuta mgeni ana majeraha mgongoni na makalioni. Vidonda vikatunga usaha, na baada ya siku chache akafa. Mwenyeji naye alipasuliwa mdomo, akashindwa kula vizuri. Mama alidhani watazoeana.

Simlaumu. Nia yake ilikuwa nzuri: alitaka kubadilisha damu. Dume akiwapanda binti zake mwenyewe kizazi baada ya kizazi, watoto huanza kuzaliwa wadogo na dhaifu. Lakini kubadilisha dume si kuongeza dume. Maoni yangu ni haya: penye majike, dume awe mmoja tu. Mgeni akiingia, wa zamani atoke. Abadilishwe na wa jirani, auzwe, au apikwe na bukari.

Wengine watasema huyu ni mnyama mdogo, kwa nini kelele nyingi? Kwa sababu kule Kivu familia nyingi zinamfuga jikoni, na wakati wa kukimbia anabebeka kuliko mbuzi. Anakula majani na maganda ya jikoni. Jike hubeba mimba kama siku 68, kisha huzaa watoto wawili, watatu au zaidi. Kwa aliyepoteza shamba na mifugo, hiyo ndiyo akiba ya kwanza: daftari la mtoto, dawa, nyama ya siku moja. Dume mmoja akifa bure, ni akiba imepotea.

Kuna wanaosema madume wanaweza kukaa pamoja. Ni kweli, lakini kwa masharti. Kwanza, mgeni akae peke yake wiki mbili, tuone kama ana ugonjwa au upele. Pili, vibanda viwekwe karibu, wavu katikati, wasikie harufu ya kila mmoja bila kufikiana. Tatu, wakutane mahali ambapo si pa yeyote kati yao, mchana, na mtu akiwaangalia. Pasiwe na jike karibu, maana jike ndiye chanzo cha vita. Wawekewe majani mengi, na maficho mawili yenye milango miwili kila moja, ili anayefukuzwa asikwame ndani. Kazi huwa nyepesi zaidi kama mmoja bado ni mdogo.

Kufukuzana, kunguruma na kupandana kidogo si vita. Wanatafuta nani mkubwa. Lakini wakigonganisha meno, wakisimamisha manyoya ya shingo na kurukiana, watenganishe mara moja. Usitie mkono mtupu, utaumwa. Tumia kitambaa kinene au kipande cha ubao. Na damu ikitoka, usijaribu tena kesho yake. Hao kila mmoja awe na chumba chake.

Tusisahau pia madume wanaozaliwa humo humo. Wakifika wiki tatu, watolewe kwa mama na dada zao. Ukichelewa, watapanda dada zao, na baba yao ataanza kuwapiga.

Neno langu la mwisho ni kwa makanisa, mashirika na majirani wema wanaogawa wanyama kwa familia zilizokimbia. Asanteni. Lakini msimpe mtu dume kisha mkaondoka. Mwulizeni: una dume mwingine? Una kibanda cha pili? Kama hana, mpeni jike, au mchukue dume wake wa zamani mumpelekee jirani mwenye shida ileile. Hivyo nyumba mbili zitabadilisha damu kwa siku moja, bila kutumia faranga yoyote.

Mama wa Ruashi bado ana majike wanne. Dume wake amepona mdomo, lakini yeye ni yuleyule, na binti zake wanakaribia kupandwa. Mwenye dume wa kubadilishana naye, asikawie.