Wito kwa Wana-Pasiansi: Tusizitupe Kokoto Zetu



Ukuta ukibomolewa mtaani kwetu Pasiansi, hapa Mwanza, swali la kwanza ni hili: kifusi tukimwage wapi? Mara nyingi kinaishia mtaroni, tena usiku. Mvua ikinyesha, maji ya mlimani yanakosa njia, yanaingia uani kwa jirani, na uchafu wote unateremkia ziwani.

Hebu okota bonge moja la zege, ulipasue kwa nyundo. Ndani utaikuta kokoto nzima: jiwe la vilima vya Mwanza ambalo mama mmoja alilipondaponda kwa mkono, juani, akalipanga fungu akisubiri mteja. Sisi tunalitupa, kisha tunakodi gari kufuata jingine.

Mwaka 2013 mtafiti Sabai na wenzake walichapisha utafiti wao uliofanyika hapahapa Tanzania. Walikusanya vifusi vya saruji, wakaviponda, wakavichekecha na kufyatua tofali kwa mashine ya mkono, bila kokoto wala mchanga mpya. Baada ya siku 28 za kuzimwagilia walizipima: asilimia 85 zilifikia nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini cha tofali la kubeba mzigo nchini. Hata hivyo, zilikuwa dhaifu kuliko tofali za kokoto mpya. Kwa hiyo tuanze na uzio, vijia na mabanda. Nguzo na ghorofa zisiguswe bila kipimo cha maabara.

Mwenye nyumba, kabla ya kubomoa patana na fundi atenganishe: zege na tofali za saruji fungu lake, mbao, nondo na plastiki kando. Vigae vya asbesto visipondwe kamwe. Vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Fundi, lowesha kwanza kokoto za kifusi kilichopondwa, maana saruji ya zamani inakunywa maji.

Vijana, akina mama na wenzetu wenye ulemavu, undeni vikundi, muombe mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Chekeche, nyundo na mashine ya kufyatulia vinatosha kuanzia.

Nanyi viongozi wa mitaa, tutengeeni kiwanja kimoja cha kukusanyia.

Mkutano ujao wa mtaa, mmoja wetu asimame aulize tena: kifusi tukimwage wapi? Safari hii tujibu: kipelekwe kwa wafyatua tofali wetu.