Ghala la Dagaa Lililogeuka "Utulivu"

Juzi rafiki kanirushia tangazo kwenye simu: jumba la kipekee linauzwa Bangwe, Kigoma. Zamani lilikuwa ghala la dagaa. Sasa eti ni "utulivu, machweo ya Ziwa Tanganyika, ufukwe binafsi". Picha kumi na mbili, hamna mtu hata mmoja.

Nalijua ghala lile. Akina mama walipita mlangoni na mabeseni kichwani, magunia yakapimwa, watu wakagombana bei mpaka jua likazama upande wa Kongo. Utulivu gani?

Sigombi na kubadili matumizi ya jengo. Hoteli ya Serena pale Mji Mkongwe, Unguja, ilikuwa jengo la mawasiliano ya simu, na jengo limepona. Ninachogomba nacho ni lugha. Katika *By the Sea* (2001), Gurnah anatuonyesha nyumba moja ikibeba deni, karatasi na uchungu wa familia mbili. Mwandishi wa tangazo anafanya kinyume: anamfuta kila aliyeingia kabla yako, kisha anakuuzia ukimya.

Na huo ufukwe "binafsi", wa nani? Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatimiliki inakupa haki ya kutumia ardhi, ziwa haikupi.

Nunua, ndugu yangu, Mungu akujalie. Ila njia ya kushuka majini usiizibe. Na harufu ya dagaa ikikukera asubuhi, kumbuka nani alitangulia.